Alama Isiyo na Mwenyewe

Wifi yangu Ravdna alikuwa na macho ya kuudhi. Kulungu wa kufugwa mia kadhaa, wale wa nchi za theluji, wanazunguka zizini kwa kasi, manyoya hewani, mbwa wanabweka, wanaume wanarusha kamba na kukosa, na yeye amesimama kwenye uzio na kikombe chake cha kahawa, anataja tu kama mtu anayesoma majina ya wageni harusini: "Wa Heaika. Wa Heaika tena. Wa Nilas. Yule wa pembe moja wa marehemu shangazi. Wa Nilas." Wakati huo mimi bado natafuta masikio yao yapo upande gani.

Alama zetu ziko masikioni. Kila mtu ana yake, hata mtoto mchanga, na hukatwa kwa kisu ndama akiwa bado anamfuata mama yake. Ya Ravdna aliirithi kwa bibi yake: sikio la kushoto limechanwa ncha kama mkia wa mbayuwayu, la kulia lina mapengo mawili mbele. Bibi huyo ndiye aliyeliona jino lake la kwanza, na kwetu anayeliona jino la kwanza la mtoto humpa ndama jike. Kulungu wote wa Ravdna walitoka kwenye tumbo la yule ndama wa jino. Usiniulize walikuwa wangapi. Swali hilo haliulizwi kwa watu wenye adabu.

Sikumpenda mwanzoni, nasema ukweli. Mimi Sofe nilitoka kwa wavuvi wa ziwani, watu wasio na kulungu hata wa dawa, nikaolewa na kaka yake, Heaika, nikaletwa kijijini Gielas, juu kabisa Uswidi, mahali ambapo hata watoto walinicheka. Na aliyenicheka kuliko wote alikuwa yeye.

"Wifi, huyo ni wa nani?" ananiuliza mbele za watu.

"Wa... Nilas?"

"Huyo ni mbwa, wifi."

Wote wanaangua kicheko. Nilimchukia kwa muda wa miaka miwili. Kisha niliugua mapafu, na mwanamke huyo akanibeba kwenye sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, siku nzima kwenda kwa daktari, akitembea mbele ya kulungu wake kwenye theluji ya magoti, na njia nzima alikuwa ananitukana ili nisilale. Tangu hapo nikaona kumchukia ni kazi bure.

Mwaka 1934 akaolewa na Edvin, fundi wa njia ya reli, Mswidi mpole mwenye mikono mikubwa. Nilas wa hapa kijijini alikuwa amemposa mara mbili na kukataliwa mara mbili, kwa hiyo siku ya harusi alikwenda kuvua samaki. Sisi wengine tulikula uboho na nyama, tukatia vipande vya jibini kwenye kahawa, tukacheza mpaka viatu vikapasuka.

Barua ikaja kabla ya majani kugeuka rangi.

Sheria ilisema mwanamke wa kwetu akiolewa na mtu asiye na haki ya kufuga kulungu, haki yake inakwisha. Hana tena kulungu, hana nyavu kwenye maziwa ya kijiji, hana mtego wa ndege mlimani. Watoto wake vilevile. Heaika alinisomea barua ile na mimi nikamwambia arudie, nikidhani Kiswidi chake kimemchanganya. Hakikuwa kimemchanganya. Mimi binti wa mvuvi, nisiyejua sikio la mbwa na la kulungu, nilipewa haki zote siku moja kanisani. Yeye aliyezijua alama zote mpaka za wafu alinyang'anywa zote siku moja kanisani. Kanisa lile lile, mchungaji yule yule. Mpaka leo nikikumbuka natamani kumpiga mtu, ila waliotunga sheria ile walishakufa na wanazo sanamu.

Enzi za babu yake, kijiji chenyewe ndicho kilichojua nani ni wetu. Watu walikaa kwenye ngozi kuuzunguka moto, wakaongea mpaka wakachoka, wakakubaliana: huyu amehamia, mpeni nafasi, yule ni mjane, mchungieni, fulani ameoa mbali, alama yake ibaki. Kodi ya ardhi tulilipa kwa pamoja na ardhi ilikuwa yetu kwa pamoja. Halafu zikaja sheria, moja baada ya nyingine, zikasema ardhi ni ya Taji, yaani ya mfalme, sisi tunaruhusiwa tu kulisha, na wa kusema nani ni mwanakijiji ni Bwana Msimamizi, mtu wa serikali aliyekaa mjini kwenye nyumba ya matofali.

Bwana Msimamizi akaamuru: kulungu wote wa Ravdna wauzwe kwa mchinjaji siku ya kugawa makundi, na alama yake ifutwe kwenye kitabu cha serikali cha alama. Kwanza ukaja ugonjwa wa miguu, kugawa kukavurugika. Mwaka uliofuata msimamizi yule akahamishwa, mambo yakalala. Lakini kitabu kipya cha alama kikachapwa, na kweli, mahali pa Ravdna palikuwa pamerukwa. Kisha mwaka 1936 msimamizi mpya akatuandikia kwamba anakuja mwenyewe, na mchinjaji yuko nyuma yake.

Kiangazi hicho hicho binti yake Ravdna, Gáren, aliota jino. Nililiona mimi. Nilikuwa nambembeleza, akaniuma kidole, nikapiga kelele kwa furaha kabla sijafikiri. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilitakiwa kumpa ndama, na mtoto hakuwa na alama ya kumkata ndama huyo. Ravdna alinitazama, akamchukua mtoto, akatoka nje ya hema. Hakunitania. Hapo ndipo nilipojua ameumia kiasi gani.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe tulikaa watatu, yeye, Heaika na mimi. Heaika alikuwa amefikiri sana, na mume wangu akifikiri hukunja uso kama mtu anayevaa kiatu kidogo.

"Dada, nina njia," akasema. "Tuwakate upya. Alama yangu inaingia juu ya yako vizuri tu. Napunguza ncha ya kushoto, nakata nyuma kulia, basi. Wanakuwa wangu kwenye kitabu, wako moyoni."

"Huo ni wizi."

"Nitamwibia nani? Dada yangu aliyekubali?"

"Wanaokata sikio mara mbili ni wezi, kaka. Mtu akiliona sikio lile miaka ishirini ijayo atasema Heaika aliiba. Na alama ya bibi itakuwa imekufa. Sitaki nyama mimi, nataka alama iwe hai siku Gáren atakapoweza kuishika."

"Siku gani hiyo?"

"Sijui. Siku watakapopata akili."

Akatoa kijitabu cha sheria. Alikuwa amekiazima kwa mwalimu na kukisoma mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu, alisema, ukitaka kumjua mbwa mwitu soma nyayo zake. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: kulungu ambaye mwenyewe hajulikani, ni mali ya kijiji chote.

"Alama yangu haimo tena kitabuni," akasema polepole. "Wameifuta wenyewe. Huyu bwana mpya hajawahi kuiona. Atawajuaje kulungu wangu? Lazima aulize watu. Sasa, watu wakiwa hawajui..."

Heaika alimwelewa kabla yangu, akaruka kama ameungua. "Unataka nisimame zizini, mbele za watu, niseme siijui alama ya dada yangu? Mimi?"

"Wewe na wote."

"Na wakishakuwa mali ya kijiji, nani atakurudishia? Hakuna sheria ya kukurudishia, Ravdna! Ukishatoa umetoa!"

"Wasiporudi, basi sikuwa na kijiji tangu mwanzo," akasema. "Afadhali nijue."

Nani angefanya hivyo? Mimi nisingefanya. Aliweka kila kitu alichokuwa nacho mikononi mwa watu wanaosengenyana kwa ajili ya samaki mmoja. Tukapita hema kwa hema, tukiongea na kila mtu. Wote walikubali isipokuwa Nilas, ambaye alituacha tumalize, akaendelea kunoa kisu, akasema, "Nimesikia." Basi. Nimesikia! Nilitamani kumwagia kahawa.

Msimamizi mpya alikuwa kijana mwenye soksi nzuri, mwenye adabu, na kwa adabu zake zote jambo la kwanza alilouliza lilikuwa tuna kulungu wangapi.

"Wapo pande zote mbili za mti," akajibu Heaika, kama baba yake alivyojibu, na babu yake.

Kijana akaandika kitu. Kisha akasema ana amri ya kulungu wa Ravdna, mke wa Edvin, na anaomba aonyeshwe. Watu wakaendelea kukunja kamba zao. Akafungua kitabu kipya, akageuza kurasa, akarudi mwanzo, akageuza tena. Masikio yake yakawa mekundu. Mwishowe akanyoosha kidole kwa jike mmoja mweupe aliyekuwa kwenye kamba, mnyama mzuri, mjukuu wa yule ndama wa jino, na akasema, "Huyu alama yake haimo humu. Hii ni alama ya nani?"

Akaanza kuuliza mmoja mmoja. Lazima uelewe maana ya jambo hili. Mfugaji wa kwetu anaweza kukiri amelewa, anaweza kukiri amempiga shemeji yake, lakini kukiri kwamba hajui alama ya kulungu aliye mbele ya pua yake ni kama kuvua suruali kanisani. Wazee waliozijua alama za vijiji vitatu walisimama pale wakatazama viatu vyao wakasema, "Sijui, bwana." Mmoja alisema macho yamemharibikia. Jioni ile ile alitambua ndama wake ng'ambo ya ziwa.

Akafika kwa Heaika. Mume wangu aliliangalia sikio lile muda mrefu. Alikuwepo lilipokatwa, yeye ndiye aliyemshika ndama yule.

"Sijui," akasema, na akatoka zizini akaenda kusimama nyuma ya miti.

Akafika kwa Nilas. Nilas alikuwa na sababu zote za dunia za kumtaja. Akamkaribia jike, akamshika sikio la kushoto, akaligeuza, akashika la kulia. Akamtazama Ravdna. Akatema mate.

"Imekatwa vibaya," akasema. "Aliyeikata alikuwa na haraka, na kisu butu. Mtu mwenyewe simjui wala sina hamu ya kumjua."

Nikacheka mpaka nikajifanya nakohoa. Bwana Msimamizi akaniuliza na mimi, nikamwambia sijui, na mimi ndiye pekee aliyeaminiwa na kila mtu. Mwisho akamgeukia Ravdna mwenyewe, aliyekuwa amesimama na Gáren mgongoni, akikoroga sufuria ya nyama.

"Bibie, wewe je? Hawa si wako?"

"Aa, bwana, mimi ni mke wa reli," akasema, uso mkavu kabisa. "Niulize habari za treni."

Kijana yule hakuwa mjinga. Nafikiri alijua. Alimtazama sana, akatutazama wote, akafunga kitabu, akaandika: mwenyewe hajulikani, mali ya kijiji. Mchinjaji akarudi mikono mitupu.

Majira ya kuchipua kukawa na mkutano. Kijiji sasa kilikuwa na kulungu, na kulungu wa kijiji ni lazima wawe na alama iliyosajiliwa. Msimamizi akauliza tunataka alama gani. Nilas akasimama, kama mtu aliyechoshwa na jambo dogo.

"Tutumie hiyo hiyo waliyo nayo," akasema. "Kwa nini tuwatese wanyama kwa kuwakata mara mbili?"

Mkutano ukapiga kura. Hakuna aliyepinga. Msimamizi akaiandika kwa mkono wake, mkia wa mbayuwayu kushoto, mapengo mawili kulia. Alama iliyofutwa ilirudi kitabuni, sasa ikiwa yetu sote. Na kiangazi kile nilimchukua ndama jike kutoka kwenye kundi letu mimi na Heaika, tukamkata alama ya kijiji. Ndama wa jino wa Gáren, mtoto asiye na haki. Ravdna aliona, akasema, "Wifi, umemkata upande sahihi, nani amekusaidia?"

Ikapita miaka thelathini na minne. Mtu akiitaja haraka inaonekana mifupi. Kila msimu wa kukata ndama alama Ravdna alipanda mlimani kutoka stesheni alikoishi na Edvin, akapika, akachuna ngozi, akashona viatu, akatufundishia watoto kusoma masikio, ila kamba na kisu hakuvigusa. Sheria haikumruhusu, na hakutaka kumpa msimamizi sababu. Alisimama uzioni akataja. Kulungu wa mbayuwayu walipopita alisema, "Wa kijiji," kwa sauti ile ile aliyowatajia wengine. Sijui uchungu wake alikuwa anaumeza wapi. Samaki hakuruhusiwa kuvua, lakini kila wiki mlangoni kwake kulikuwa na samaki, na hakuna aliyejua wametoka wapi. Tulikuwa tumeshazoea kutojua.

Nikubali na langu. Kuna mwaka mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, kulungu wakawa wanakwaruza barafu mpaka kwato zinatoka damu na hawafikii malisho. Nusura tufe njaa. Nikamwambia Heaika, "Tuchinje mmoja wa kijiji. Ni wa kijiji, na sisi ni kijiji." Hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne akasema, "Neno lile nililosema zizini bado limenikaa kooni. Usiniongezee." Akachinja wake wa kuvutia sleji. Nyumba nyingi zilifanya hivyo hivyo mwaka ule, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mwaka 1971 sheria ikabadilishwa. Mwanamke aliyeolewa nje hapotezi tena haki yake, na kijiji kinajisimamia chenyewe. Ravdna alikuwa na miaka sitini, Edvin alikuwa ameshafariki, Gáren alikuwa mwanamke mzima mwenye nywele mbili tatu nyeupe. Ravdna hakuomba kitu. Nilimuuliza, "Hudai?" Akanijibu, "Nidai nini? Nilishawapa."

Kiangazi hicho alipanda mlimani kama kawaida, yeye na Gáren na sufuria zake. Mwenyekiti wa kijiji sasa alikuwa Nilas, mzee mwenye goti bovu, mkali kama siki. Watu walipokwisha kukusanyika akaomba aletewe jike mmoja kwenye kamba. Akaletwa, mweupe, mbayuwayu kushoto. Nilas akasafisha koo, akamnyooshea kidole.

"Hii ni alama ya nani?"

Ravdna aliacha kukoroga.

Heaika ndiye aliyetangulia. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuona zaidi ya mkono wake. Akaongozwa mpaka kwa jike, akapapasa sikio la kushoto kwa vidole, akapapasa la kulia, na nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Ya dada yangu," akasema. "Ya Ravdna. Nilikuwepo wakimkata nyanya yake huyu."

Nilas akamfuata mwingine, na mwingine. Wazee wa mwaka ule wengi walikuwa makaburini; watoto wao wakajibu kwa niaba yao. "Ya Ravdna." "Ya Ravdna." "Baba alisema nikiulizwa niseme, ya Ravdna." Nilas mwenyewe akalishika sikio, akaligeuza kama zamani. "Imekatwa vizuri," akanung'unika. "Sijawahi kuona iliyokatwa vizuri zaidi." Akatoa kisu chake kiunoni, akampa Gáren, na Gáren akakishika kwa mikono miwili kama kitaanguka.

Nikabaki mimi. Nilas akaniuliza, "Shemeji Sofe? Ya nani?" Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kidevuni.

"Mwacheni wifi yangu," akasema Ravdna, na yeye pia analia, mwiko bado mkononi. "Huyo hajui alama hata moja tangu aje."

Watu wakacheka. Ni kweli, sizijui mpaka leo. Zote zinanichanganya, isipokuwa moja.

"Ya Ravdna," nikasema.